Kamera ndogo haijui unampiga nani picha

Hebu fungua ile droo ya kabati la sebuleni, ile yenye chaja za simu za zamani, funguo zisizojulikana ni za mlango gani na kalamu zilizokauka. Yamkini humo ndani mna kamera ndogo ya dijitali, ya kutia mfukoni, iliyoletwa na jamaa aliyekuwa ng'ambo au iliyonunuliwa kwa mbwembwe wakati wa harusi ya mtu, kisha ikasahauliwa simu zenye kamera zilipoingia kila nyumba. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisambaza ulimwenguni kamera za aina hii zaidi ya milioni 100. Siku hizi hazifikishi hata sehemu ya kumi ya idadi hiyo kwa mwaka. Hata hivyo zile zilizokwisha kuuzwa hazikutoweka. Zimo kwenye droo.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 binti ya kaka yangu, anayesoma chuo, aliikuta moja nyumbani kwao Kitale, ndani ya soksi moja ya baba yake.

"Senge," akaniuliza, maana ndivyo Wabukusu tunavyomwita shangazi, "hii bado inafanya kazi ama ni ya watoto kuchezea?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Ndugu yake mdogo alikuwa aingie jandoni mwezi uliofuata, nyumbani kwetu upande wa Bungoma. Wabukusu hutahiri wavulana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, na mvulana husimama uani mara moja tu maishani. Simu ya binti huyu ilikuwa imepasuka kioo. Na hata ingekuwa nzima, wewe mwenyewe unajua mambo ya simu siku ya sherehe: inapigwa, inaombwa na kila mtu, na saa ya jambo lenyewe ikifika imeisha chaji. Basi tukakubaliana kuwa kamera ile ifufuliwe, nasi tuwe na wiki tatu za kujifunza kuitumia.

Tuanze na betri, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kamera nyingi za wakati ule hutumia betri mbili za ukubwa wa AA, zile za tochi ndogo na saa ya ukutani. Tulinunua jozi ya bei rahisi dukani. Kamera ikawaka, lenzi ikatoka nje kama kobe anayechungulia, ikarudi ndani, kisha kimya. Binti akasema imekufa. Haikuwa imekufa. Betri za bei rahisi za zinki na kaboni haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na kamera inapoisukuma lenzi au inapoijaza flashi huhitaji umeme wa namna hiyo hasa. Tulipotia betri za alkalini, iliamka. Zile za kuchajiwa ni bora zaidi kwa mtu atakayeitumia mara kwa mara. Kitale ni mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake si za mchezo, kwa hivyo betri zikae mfukoni karibu na mwili hadi dakika ya mwisho, kwani baridi huzidhoofisha.

Kadi ya kuhifadhia picha nayo ina kisirani chake. Ukienda dukani leo utauziwa kadi ya gigabaiti 32 au 64, na kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 huenda ikaikataa kabisa. Hizo za zamani hukubali kadi za gigabaiti 2 kwenda chini. Usimlaumu muuzaji wala usiirudishe kamera kwenye soksi. Tafuta kadi ndogo, aghalabu utaipata kwa mafundi wa simu. Gigabaiti 2 hubeba mamia ya picha. Sisi tuliozaliwa enzi za filamu ya picha 36, ambayo baba aliifanya ichukue Krismasi mbili, tunaona huo ni utajiri.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Juu yake, karibu na kitufe cha kupigia, kuna kigurudumu chenye alama na herufi. Watu wengi hukiacha palipoandikwa AUTO tangu siku ya kununua hadi siku ya kutupa. Ukiwa hapo kamera huamua kila kitu: tundu la lenzi liwe pana kiasi gani, kijipazia cha ndani kifunguke kwa muda gani, kipokea mwanga kiwe na wepesi kiasi gani, flashi iwake au isiwake. Si vibaya. Saa nne asubuhi kukiwa na jua, watu wamesimama kivulini kwenye nyasi, AUTO itakupa picha nzuri, na anayekuambia vinginevyo anataka kukuonyesha kuwa amesoma.

Shida ni kwamba kamera haijui unampiga nani picha. Haijui uso, haijui anga, haijui shati. Hata zile zinazochora kimraba juu ya uso hubahatisha tu. Inachofanya ni kupima mwanga wote ulio mbele yake na kudhani kwamba ukichanganywa utakuwa wa kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha hukikadiria kuwa cha kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mbele yake pakiwa na weupe mwingi, yenyewe husema, "Hapa mwanga umezidi," na kuupunguza. Sasa msimamishe nyanya yako mlangoni, nyuma yake anga jeupe la saa tatu. Kamera italipunguza anga hadi liwe la kijivu kizuri, na nyanya atakuwa kivuli chenye kitambaa kichwani.

Msomaji, ni mara ngapi umeona picha ya familia ambayo meno na macho tu ndiyo yanayoonekana, kisha watu wakacheka na kusema fulani ni mweusi mno? Fulani hana kosa. Jambo hili lina historia. Katika enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imesawazishwa. Hadi miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipotolewa. Kamera ya dijitali haitumii kadi hiyo, lakini bado inakisia, na makisio yake hayakuanzia Bungoma.

Dawa iko kwenye herufi P. Geuza kigurudumu hapo. Kamera bado itakufanyia hesabu za tundu na kijipazia, ila sasa inakuruhusu kuisahihisha. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, +/-. Ukikibonyeza utaona kipimo kinachoanzia kutoa 2 hadi kujumlisha 2, kimegawanywa kwa theluthi. Uso ukitoka mweusi kuliko ulivyo, sogeza upande wa kujumlisha: theluthi mbili, au moja nzima. Kujumlisha moja ni kuufanya mwanga uwe maradufu. Anga huenda likapauka kabisa, na liache lipauke! Hakuna aliyekuja kulitazama anga.

Tulifanyia zoezi hilo kwenye uwanja wa Makumbusho ya Kitale. Mahali hapo pana historia yake: yalianzishwa mwaka 1926 kama makumbusho ya mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, na mwaka 1974 yakawa makumbusho ya kwanza ya taifa katika sehemu za bara. Nje kuna nyumba za kienyeji za jamii za eneo hili, na mlango wa nyumba ya nyasi ni shule nzuri ya upigaji picha. Ndani giza, nje jua, mtu kasimama katikati. Binti alinipiga picha nne papo hapo: ya AUTO, ya kujumlisha theluthi mbili, ya kujumlisha moja, na ya nne akiwa amelazimisha flashi iwake. Ya kwanza nilikuwa gogo. Ya tatu nilikuwa mimi, pamoja na chunusi zangu.

Ile ya nne, ya flashi mchana, iliwashangaza waliokuwa karibu. Watu wengi hudhani flashi ni taa ya usiku. La hasha. Kazi yake bora ni mchana, kujaza kivuli cha uso wa mtu aliye na jua mgongoni au aliyevaa kofia. Alama yake ni radi. Radi yenye herufi A maana yake kamera ijiamulie, radi iliyopigwa mstari ni marufuku, na radi peke yake ni amri ya kuwaka. Kwenye kamera kadhaa hutaipata hiyo amri ukiwa AUTO. Hiyo ni sababu nyingine ya kukaa P. Lakini usisahau kwamba flashi ndogo hii hufika mita tatu au nne hivi. Wale wanaoiwasha wakiwa jukwaani juu uwanjani, usiku, wakimlenga mwimbaji aliye mita hamsini, wanaangaza visogo vya waliokaa mbele yao.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja ambalo lingekuwa la kwanza kama binadamu wangekuwa na subira. Kitufe cha kupigia kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, ukisimamie hapo: kamera itatafuta umbali wa kitu, taa ndogo ya kijani itatulia au kimraba kitageuka kijani. Hapo ndipo umalizie kubonyeza. Ukibonyeza yote kwa pupa, kamera hutumia karibu nusu sekunde kutafuta umbali, na katika nusu sekunde hiyo mtoto amegeuka, bibi arusi amefumba macho, mpira umeshaingia wavuni. Wengi husema kamera hizi ni nzito wa mwendo, na ni kweli kiasi. Ila ukikaa kwenye nusu ukisubiri, mwendo wake ni wa kutosha.

Jumamosi moja tulikwenda Saiwa, kule Kipsaina, njia ya Kapenguria. Hii ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita tatu za mraba hivi za kinamasi na msitu, iliyotengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye matope. Unatembea kwa miguu juu ya mbao, unapanda mnara wa miti na kungoja. Nzohe alitoka, mbali. Binti akavuta lenzi hadi mwisho, kisha akaendelea kuvuta. Picha tuliyoipata ni ya doa la kahawia lenye miraba.

Ilikuwa hivi. Lenzi ya kamera hii huvuta kitu karibu mara tatu au nne kwa vioo vyake vya kweli. Baada ya hapo kamera hukata tu sehemu ya katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo ungeweza kuifanya nyumbani kwa mkasi. Ingia kwenye menyu uzime uvutaji huo wa dijitali, usiuwashe tena. Pili, kadiri unavyovuta ndivyo mtetemeko wa mkono unavyokuzwa pia. Egemeza kamera kwenye ubao wa mnara, weka saa ya kujipigia kwenye sekunde mbili badala ya kumi, bonyeza na uondoe mkono. Nzohe ni mnyama mtulivu, atakungoja. Kima wa msituni hawangoji, na kwao kuna alama ya mtu anayekimbia: kamera hufungua kijipazia kwa muda mfupi sana ili mwendo ugande. Alama hiyo ni nzuri pia kwa mashindano ya riadha ya shule, mradi kuna jua. Penye kivuli itakupa giza au chengachenga.

Hizo chengachenga, kama mchele uliovunjika, hutokana na kipimo kinachoitwa ISO. Ni wepesi wa kamera kupokea mwanga. Juani weka 100, kivulini 200 au 400. Ukifika 800 kwenye kamera ndogo ya zamani picha huanza kuwa na punjepunje, na 1600 ni ya shida tu. Ila nawaambia wanafunzi, ambao hupenda kubishana kuhusu mambo haya: picha yenye chenga ambayo mtu anatambulika ni bora kuliko picha laini iliyotetemeka.

Alama nyingine nitazipitia mbio. Ua ni la vitu vya karibu sana, sentimita chache: pete, punje za mahindi, barua ya zamani unayotaka kuihifadhi. Ukiisahau kamera kwenye ua, watu watatoka na ukungu, basi irudishe. Mlima ni wa mandhari ya mbali. Ukitoka nje Kitale asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon huo, hauhitaji lolote jingine. Mwanamke mwenye kofia ni wa picha ya mtu mmoja, nyuma yake pafifie. Kuna fataki, kuna ufuo wa bahari, na kuna theluji. Sisi theluji tuitoe wapi? Lakini usiicheke. Hali hiyo huiambia kamera kwamba mbele kuna weupe mwingi na isiogope, yaani ni kujumlisha kwa jina jingine. Kama kamera yako haina P wala +/-, itumie theluji kwa bibi arusi wa gauni jeupe, kwa wanakwaya wa kanzu nyeupe, na kwa nyanya aliye mbele ya anga.

Herufi za Av, Tv na M, ambazo viwanda vingine huandika A, S na M, ni za anayetaka kushika usukani mwenyewe. Tulizijaribu mara moja, tukiwa njiani kwenda Bungoma. Tulipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, tukashuka Webuye kuona maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia. Kwa Tv binti aliweka kijipazia kwenye moja ya mia tano ya sekunde, na maji yakaganda kama vipande vya chupa. Akaweka moja ya kumi na tano, kamera ikiwa juu ya jiwe, na maji yakawa kama maziwa yanayomiminwa. Ni maji yale yale. Alikaa pale nusu saa akirudia, hadi nikamwambia magari ya Bungoma hayatungojei.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, uwanja ulijaa nyimbo na vumbi. Hapo tulitumia alama ya mtu na nyota. Flashi huwaka kuangaza walio karibu, kisha kijipazia hubaki wazi kidogo zaidi kunywa mwanga wa moto na taa ulio nyuma. Picha hutoka na uso na usiku wake, tofauti na flashi tupu ambayo hufanya watu waonekane kana kwamba wamebandikwa kwenye karatasi nyeusi. Sharti wanaopigwa watulie kidogo. Wachezaji hawakutulia, na mikono yao ilitoka kama miali. Zile ndizo picha zinazopendwa zaidi na vijana hadi leo.

Alfajiri ndiyo iliyonishinda. Mvulana hupelekwa mtoni gizani, hupakwa tope baridi mwili mzima na kuwekewa nyasi kichwani, kisha hurudishwa kwa njia nyingine kwa wimbo, hadi uani anaposimama mbele ya omukhebi, yaani ngariba. Ilikuwa kama saa kumi na mbili, mwanga ni wa kijivu. Nilikuwa nimemnyang'anya binti kamera, nikijifanya mwandishi wa habari, na kwa haraka nilikuwa nimerudisha kigurudumu AUTO. Mtoto alipoingia langoni, flashi ikawaka. Tope lililolowa likang'aa kama bati na uso wake ukapotea ndani yake. Nikabonyeza tena, kamera ikawa inajaza flashi, haikupiga. Mzee mmoja akanisogelea, akasema kwa upole, "Mama, taa hiyo zima. Omukhebi anafanya kazi na macho yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimrudishia binti kamera. Yeye akaipeleka P, akapiga marufuku flashi, akaweka ISO 800, akaegemea mwembe na kubonyeza nusu. Akatulia hapo. Kisu hakukipiga picha, na hatukumwagiza. Jambo lile ni la mtoto na la watu wake, si la kusambazwa. Alingoja hadi filimbi ilipopulizwa kutangaza kwamba kijana amesimama imara, na wakati huo ndipo akaupiga uso wa ndugu yake, mara tatu mfululizo. Zina chengachenga. Moja imepinda. Kijana mwenyewe anaonekana: macho mbele, taya limekaza, nyasi kichwani imelalia upande.

Ghafla betri zikaisha. Tukatia jozi nyingine upesi upesi. Kamera ikauliza tarehe na saa, binti akabonyeza kukubali bila kusoma, maana watu walikuwa wakiimba.

Jua lilipopanda, Kukhu, nyanya yetu, alitoka akasimama mlangoni mwa jiko lake kuwatazama vijana wakicheza. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, unawaka jua. Nilimpiga picha kwa simu yangu, nikaridhika. Binti naye alimpiga kwa ile kamera ndogo, akihesabu kwa sauti vipimo vyake: P, kujumlisha theluthi mbili, flashi radi. Kukhu akamuuliza kama hicho kidude ni redio.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 Kukhu alituacha. Kila aliyewahi kuandaa mazishi upande wetu anajua kwamba mambo huanza na kijitabu cha ratiba, na kijitabu huanza na picha ya jalada. Tulikaa sebuleni Kitale usiku kucha na simu saba. Alikuwemo kwenye picha nyingi sana, kama kivuli nyuma ya wajukuu, kama kitambaa cha kichwa mbele ya dirisha, kama nusu ya bega. Ya kwangu ya mlangoni ilikuwa ukuta mweupe wenye umbo jeusi. Mchapishaji alijaribu kuuinua uso kwa kompyuta, ukatoka wa kijivu, wenye mabaka. Kaka yangu akaanza kusema tutumie ile ya kitambulisho.

Binti akakumbuka kadi. Ilikuwa bado ndani ya kamera, kamera ndani ya soksi. Tulipoifungua kwenye kompyuta, hakuna aliyesema neno kwa muda. Mikunjo yote ilikuwepo, chale mbili za shavuni, na lile tabasamu la kuuliza kama hii ni redio.

Ndiyo iliyokwenda kwenye jalada, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Ukiikaribia utaona kwenye kona ya chini, kwa tarakimu za rangi ya machungwa, tarehe 1 Januari 2006. Mwaka huo kaka yangu alikuwa hajajenga jiko lile, na mgeni mmoja amekwisha kubishana naye kuhusu jambo hilo akiwa mbele ya ile picha. Basi, msomaji, ukishatia betri mpya, usikimbilie kigurudumu. Fungua menyu, tafuta alama ya saa, weka siku, mwezi na mwaka, na ndipo umwite nyanya nje.